Kabla ya Kununua Kiolesura cha Sauti: Mazungumzo kwa Wanaorekodi Nyumbani



Kwa miaka mingi, mwanamuziki wa Kenya aliyetaka kutoa wimbo alilazimika kufunga safari hadi Nairobi, mara nyingi katika studio za River Road, na kulipia muda wa studio. Siku hizi kazi hiyo inaweza kufanyika katika chumba cha nyumbani. Kinachohitajika ni kipakatalishi, programu ya kurekodi kama Audacity ambayo hutolewa bila malipo, kipaza sauti, na kifaa kidogo kiitwacho kiolesura cha sauti. Madukani wengi hukiita saundi kadi.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Kipaza sauti hutoa mkondo dhaifu sana wa umeme. Kiolesura huukuza mkondo huo, huubadilisha kuwa data ya kidijitali na kuupeleka kwenye kipakatalishi kupitia kebo ya USB. Pia hurudisha sauti kwenye vipokea sauti ili anayeimba ajisikie.

Pesa za kununua kifaa hiki kwa kawaida hazipatikani kwa urahisi. Kuna anayetumia akiba ya chama, anayeuza mbuzi, na anayechukua mkopo. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na mnunuzi akivutiwa na taa na vifundo vingi anaweza kurudi nyumbani na kifaa kisichofaa kazi yake. Kifaa bora kwa mtu wa kipato kidogo ni kile kidogo kabisa kinachotosheleza kazi anayoifanya. Maswali matatu humsaidia kukijua.

Swali la kwanza: ni sauti ngapi zitarekodiwa kwa wakati mmoja? Msanii anayeimba peke yake, au mtangazaji wa podikasti asiye na mgeni, anatosheka na nafasi moja ya kipaza sauti. Mahojiano ya watu wawili yanahitaji nafasi mbili. Hapa wengi hukosea. Focusrite Scarlett Solo, kwa mfano, ina matundu mawili ya kuingizia sauti, lakini inapokea kipaza sauti kimoja tu cha kebo ya XLR. Tundu la pili ni la gita au kinanda. Behringer UMC202HD na Scarlett 2i2 zinapokea vipaza sauti viwili. Kwaya haihitaji kipaza sauti kwa kila mwimbaji. Viwili vikiwekwa vizuri mbele ya waimbaji vinaweza kutosha. Bendi inayotaka kila ala irekodiwe peke yake ndiyo inayohitaji nafasi nne au zaidi.

Swali la pili: kipaza sauti ni cha aina gani? Vile vya kondensa vinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwa kiolesura, kwa hiyo lazima kifaa kiwe na swichi iliyoandikwa 48V. Vile vya dainamiki, kama Shure SM58 inayoonekana makanisani na jukwaani, havihitaji umeme huo. Lakini baadhi ya dainamiki, kama Shure SM7B, hutoa sauti ndogo sana na huhitaji kukuzwa kwa takriban desibeli 60. Kiolesura dhaifu kikifunguliwa hadi mwisho ili kufikia kiwango hicho, hutoa mvumo unaosikika chini ya maneno. Anayemiliki kipaza sauti tayari asome kwanza mahitaji yake, kisha alinganishe na kiwango cha ukuzaji kilichoandikwa katika maelezo ya kiolesura.

Swali la tatu: kitaunganishwa na kifaa gani? Kwa kipakatalishi cha Windows, ni muhimu mtengenezaji awe anatoa dereva ya ASIO inayofanya kazi na toleo la Windows lililopo. Vifaa vikuukuu vya mitumba huuzwa kwa bei ya chini, lakini vingine havina dereva za matoleo mapya. Anayerekodi kwa simu ahakikishe kwamba kiolesura kinafanya kazi bila dereva, na kwamba simu inaweza kukipa umeme wa kutosha. Nyingi haziwezi, na hapo itabidi atumie habu ya USB yenye umeme wake.

Tarakimu kubwa zilizochapishwa kwenye boksi zisimtishe mnunuzi. Sikio la binadamu husikia hadi takriban kilohezi 20. Kurekodi kwa kilohezi 48 hunasa sauti hadi kilohezi 24, na hiyo inatosha. Alama ya kilohezi 192 si sababu ya kuongeza pesa. Biti 24 zina faida zaidi, kwa sababu humruhusu mtu kurekodi kwa kiwango cha chini bila sauti kuharibika mwimbaji anapopaza ghafla. Kwa biti 24 na kilohezi 48, dakika moja ya sauti moja huchukua takriban megabaiti 8.6, saa nzima ni zaidi ya megabaiti 500. Nafasi ya kuhifadhi nayo iwekwe katika hesabu.

Jambo moja dogo lina thamani kubwa: swichi ya kusikiliza moja kwa moja. Bila hiyo, sauti hupita kwanza kwenye kipakatalishi na kuchelewa, na mwimbaji hujisikia nyuma ya mdundo. Kwenye kipakatalishi cha zamani ucheleweshaji huo huwa mkubwa.

Dukani, mnunuzi aende na kipakatalishi, kipaza sauti na vipokea sauti vyake. Arekodi dakika moja ya maneno na dakika moja ya kimya, kisha asikilize ile ya kimya. Azungushe kila kifundo. Kikitoa mikwaruzo, kuna hitilafu. Aitikise kebo ya USB polepole aone kama mawasiliano yanakatika. Aombe risiti na maelezo ya dhamana kwa maandishi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari za kumwezesha kuzitumia. Mwenye risiti ana pa kuanzia akidai haki hiyo.

Pesa zote zisiishie kwenye kiolesura. Kebo ya XLR, stendi, kizuizi cha pumzi na vipokea sauti vilivyofunika masikio ni sehemu ya gharama. Chumba nacho ni sehemu ya studio. Kuta tupu na sakafu ya saruji hurudisha mwangwi, na hakuna kiolesura kinachouondoa. Mapazia mazito, mkeka, nguo zilizotundikwa na godoro lililosimamishwa nyuma ya mwimbaji husaidia kwa gharama ndogo. Penye paa la mabati, rekodi ifanywe siku isiyo na mvua. Mvumo wa stima ukisikika, chaja ichomolewe na kipakatalishi kiendeshwe kwa betri; mara nyingi mvumo hupungua au hutoweka.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua kwa makini. Vifaa hivi havirekodi nyimbo za vijana peke yake. Katika kaunti wapo wazee wanaojua hadithi, nyimbo za kazi, majina ya mito na asili ya koo, na mengi ya hayo hayajaandikwa popote. Wimbo wa kijana ukiharibika utaimbwa tena kesho. Masimulizi ya bibi wa miaka 90 pengine yatapatikana mara moja tu. Kwa kazi hiyo, kiolesura chenye nafasi mbili, kimoja kwa bibi na kimoja kwa mjukuu anayeuliza maswali, kinatosha kabisa. Baada ya kurekodi, nakala zihifadhiwe mahali pawili tofauti, na bibi aulizwe kwanza kama anakubali sauti yake isikike nje ya ukoo.