Mama Aliye Mbali



Mwishoni mwa masika moja, kijana aliyekuwa akifyeka nyuma ya nyumba ya mapadre alituita kwa sauti. Katikati ya nyasi, mahali palipobonyea kama kiganja, walilala watoto wawili wa sungura wa porini. Manyoya yalikuwa yameota na macho yamefunguka, lakini walitulia kama mawe. Tulitazama huku na huku. Mama yao hakuonekana. Tulingoja hadi adhuhuri, hakuja. Ndipo tulipotoa hukumu: mama huyu amewatupa wanawe. Tukawatia kikapuni, tukawapeleka jikoni na kuwanywesha maziwa ya ng'ombe. Tulijiona Wasamaria wema.

Kesho yake asubuhi mmoja alikuwa amekufa.

Siku hiyo alifika mjane mmoja wa parokia yetu, muuza dagaa. Alipokiona kikapu alitikisa kichwa. "Baba, mmewanyang'anya mama yao," alisema. "Huyu hakuwatupa. Mchana hukaa mbali makusudi, ili mbwa wasifuate harufu yake mpaka walipo wanawe. Giza likiingia, huja kuwanyonyesha."

Tulimrudisha yule aliyebaki penye nyasi zile zile. Jioni tuliketi dirishani bila kuwasha taa. Giza lilipotanda, kivuli kilikuja kwa kurukaruka, kikasimama, kikasikiliza, kisha kikainama. Baada ya muda mfupi kikaondoka.

Baadaye tulisoma, tukayakuta maneno ya mjane yule kuwa kweli. Sungura wa porini wa nchi zetu hachimbi shimo la kuzalia. Huzaa juu ya ardhi, na kinga ya wanawe ni utulivu wao pamoja na kukaa mbali kwa mama yao. Maziwa yake ni mazito kupita ya ng'ombe, hata kunyonya kwa muda mfupi tu huwatosha kutwa nzima. Wazee wetu walitusimulia jinsi Sungura alivyowashinda Simba na Fisi kwa ujanja. Kumbe ujanja wake mkubwa kuliko wote ni upendo.

Lakini neno la mwisho la mjane yule ndilo lililotuchoma. Alisema taratibu: "Baba, hata mimi huondoka nyumbani kabla ya jua kuchomoza, nikarudi usiku. Najua wanavyonisema katika jumuiya." Kweli, walikuwa wakimsema kwamba anawatelekeza watoto. Nasi tulikuwa tumeyasikia maneno hayo, wala hatukuyakanusha. Tulimwomba msamaha pale pale, mlangoni pa jikoni.

Ndugu wapendwa, hatusemi kwamba tumpite mtoto aliye katika shida. La hasha! Tunasema kwamba kabla ya kumhukumu mama yake, twende tukambishie hodi, tukiwa na kibaba cha unga mkononi. Huruma isiyouliza yaweza kuua, kama ilivyoua kikapuni mwetu.

Na Mungu je, hatumhukumu vivyo hivyo? Ugonjwa unapokaa nyumbani, mvua inapokataa, mwana anapozikwa kabla ya baba yake, twatazama huku na huku, tusimwone. Twasema: ametutupa. Hata watu wa Sayuni walisema hivyo, na kwa kinywa cha nabii Isaya, katika sura ya 49, Mungu aliwajibu kwamba hata kama mama angeweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, yeye hatawasahau. Bwana wetu mwenyewe, pale msalabani, alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22, zaburi ya mtu aliyejiona ameachwa. Ijumaa ile Baba hakuonekana. Alfajiri ya siku ya tatu kaburi lilikuwa tupu.

Hatuwezi kuwaeleza ninyi mnaolia leo sababu ya kila giza. Twawashuhudia hili tu: kutoonekana si kuacha. Yule mtoto mdogo katika nyasi hakumwona mama yake mchana kutwa. Hata hivyo alikuwa anapendwa saa zote.

Ee Mungu Baba yetu, utujalie kutulia mkononi mwako hata uje, na utusamehe hukumu zetu za haraka. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.