Simu Yamfuata Mgonjwa Nyumbani



Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliyewahi kuwa daktari wa jeshi katika Vita Kuu ya Pili, alitangaza habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Afrika. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000, hospitali hata hospitali, kuuliza ugonjwa huo uko wapi. Leo wajulikana kwa jina lake, nao ni mmojawapo wa saratani za damu.

Saratani hii hukua upesi mno, na ipatapo dawa hunywea upesi vile vile. Hapo ndipo penye hatari. Mzazi aonapo taya la mwanawe limerudi kama zamani, hudhani kazi imekwisha. Nauli haipo, shamba langoja. Hurudi kwao, Lira au Gulu, kabla ya kumaliza duru za dawa, na ugonjwa uliobaki mwilini huinuka tena.

Ndiyo maana ushauri kwa simu ya mkononi wastahili kutazamwa kwa makini. Si kukumbusha tarehe tu. Mwuguzi aliyefunzwa humpigia mzazi na kumwuliza: mtoto amekula? Ana homa? Dawa za saratani hupunguza chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Kwa hiyo homa baada ya dawa hizo si ya kungojewa mpaka asubuhi. Asiyejua humpa mtoto dawa ya malaria na kulala. Aliyeambiwa huondoka usiku ule ule.

Wako wasemao kwamba programu ya simu yatosha, ijibu yenyewe. Hatukubaliani nao. Ujumbe wa Kiingereza kwa bibi wa Kiacholi asiyekijua ni sawa na kimya, na simu isiyo na chaji haiiti. Wala simu hailipi nauli.

Ugonjwa huu uko pia kwetu, hasa kandokando ya Ziwa Viktoria. Askari aliye kambini au kituoni, mbali na jamaa zake, huandikisha hospitali namba yake mwenyewe, ilhali mtoto yuko kijijini kwa bibi. Namba itakiwayo ni ya yule alalaye karibu na mtoto.