Vyombo Vilisafiri, Mikono Ikabaki
(Hotuba juu ya muziki wa picha ya "Hatari!", iliyosomwa mbele ya wanachama huko Kamanga)



Tumeombwa tuseme habari za muziki wa senema, na hasa muziki wa Bwana Henry Mancini wa Marekani, ambaye tungo zake twazipenda tangu siku nyingi. Wapo wenzetu wanenao ya kwamba jambo hili ni la mchezo, haliwahusu watu wa kazi za ofisi. Jawabu letu ni fupi. Mmoja katika tungo zake zijulikanazo duniani kote ulitungwa kwa ajili ya picha iliyopigwa katika nchi yetu, na picha ile ina jina la Kiswahili. Mtu akiimba habari za nyumba yako, ni haki yako kusikiliza uone kama ameimba kweli.

Kwanza tuseme habari za mtu mwenyewe. Bwana Mancini alizaliwa mwaka 1924 katika mji wa Cleveland, akafariki mwaka 1994. Baba yake alikuwa mtu wa kiwanda cha chuma, mwenye asili ya Italia, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe kupuliza filimbi. Katika maisha yake alipata tuzo 4 za Oscar na tuzo 20 za Grammy. Wengi wenu mwaijua ile saksafoni inyatayo kama mwizi wa usiku katika picha ya The Pink Panther ya mwaka 1963, na wimbo wa Moon River wa mwaka 1961, ambao maneno yake yalitungwa na Bwana Johnny Mercer. Sifa yake kwetu ni kwamba hakuwa mtu wa makelele. Palipotosha filimbi moja, hakuita tarumbeta kumi.

Sasa tuingie katika picha yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1960 Bwana Howard Hawks, mwenye kuongoza picha, alifika Tanganyika pamoja na watu wake, wakakaa hata miezi ya kwanza ya mwaka 1961. Walipiga picha pande za Arusha, Manyara na Ngorongoro. Hadithi ni ya watu wanaokamata wanyama wakiwa hai ili kuwauza katika bustani za wanyama za ng'ambo. Bwana John Wayne na wenzake walifukuza vifaru kwa motokaa kweli kweli, hata Bwana Hardy Krüger, Mjerumani, akaipenda nchi akanunua shamba huko Momella. Picha ilitolewa mwaka 1962. Basi angalieni: ilipopigwa, tulikuwa chini ya Mwingereza, ilipotolewa, bendera yetu ilikuwa imekwisha pandishwa tangu tarehe 9 Desemba 1961. Bendera ilibadilika upesi. Masikio ya dunia hayakubadilika upesi vile.

Bwana Hawks aliporudi kwao alichukua vyombo vya muziki vya Afrika: vibuyu, marimba ya kubonyezwa kwa vidole gumba, na maganda makubwa makavu yenye mbegu ndani yake, yaliyo ya kutikisa. Akampa Bwana Mancini, akamwambia avitumie. Naye akavitumia, pamoja na ngoma nyingi, katika sehemu za kufukuza wanyama. Hapo ndipo twatoa maoni yetu ya kwanza. Muziki ule wa ngoma unachemsha damu, wala hatuukatai. Lakini ngoma zile hazina mahali. Hazikwambii kama uko Arusha au Kongo, hazikwambii kama ni ngoma ya mavuno, ya harusi au ya matanga. Msukuma akisikia ngoma huuliza mara moja: ni ya nini, na ni ya nani, ya Bagika au ya Bagalu? Ngoma za "Hatari!" hazina jawabu la swali hilo. Vyombo vilisafiri, mikono iliyovijua ikabaki. Waliovipiga walikuwa wapigaji wa studio huko California, mahodari wa kazi yao, ambao hawakupata kuambiwa kila chombo hulia siku gani.

Maoni yetu ya pili ni ya sifa. Katika picha ile yumo bibi mmoja, ambaye aliigizwa na Bi Elsa Martinelli, naye alipewa jina la Mama Tembo kwa sababu ndovu wachanga watatu walimfuata kila aendako. Bwana Hawks alikuwa amepiga picha ya bibi huyu akiwapeleka ndovu wale kuoga, wala hakujua aifanyeje, maana haikuwamo katika hadithi. Akamwonyesha Bwana Mancini. Bwana Mancini akatazama jinsi wale wachanga walivyotembea, makalio yakiyumba huku na huku, akaona ya kwamba mwendo wao ni ule wa muziki wa bugi-bugi wa Wamarekani weusi. Akatunga kwa mwendo huo. Chini aliweka sauti nene ziendazo hatua kwa hatua. Juu aliweka kinanda cha filimbi kama kile cha sarakasi, na klarineti ndogo yenye kucheka. Wimbo ule ukapita picha yenyewe kwa sifa. Leo wako watoto wauimbao kwa mluzi, nao hawajapata kusikia jina la John Wayne.

Wenzetu wengine hulalamika: "Mbona wimbo huo hauna hata ngoma moja ya kwetu? Ni muziki wa sarakasi ya Wazungu." Twajibu ya kwamba katika picha nzima huo ndio ulio karibu nasi zaidi, kwa kuwa ulizaliwa na kitu kilichotazamwa kwa macho. Fikirini bugobogobo ya hapa Usukumani. Nani aliitunga? Ilitungwa na jembe. Wakulima walipolima pamoja, ngoma ilifuata kuinuka na kushuka kwa majembe, hata leo mchezaji hushika jembe mkononi ingawa hakuna shamba mbele yake. Mtungaji wa California aliyetazama hatua za ndovu alifanya kama wakulima wale. Alipotaka kutunga "Afrika" nzima alitunga vumbi tupu. Alipotunga miguu ya wanyama watatu, alisema kweli. Hiki ndicho kipimo tuwapacho wote wapendao muziki wa senema: ulizeni, sauti hii imetoka katika mwendo wa nini?

Kwa kipimo hicho mpimeni pia Mwingereza Bwana John Barry, aliyepata Oscar kwa picha ya Born Free ya mwaka 1966 na tena kwa Out of Africa ya mwaka 1985, zote mbili zilizopigwa Kenya. Vinanda vyake vya nyuzi ni vizuri mno, navyo vimepanuka kama mbuga. Hata hivyo mwendo wake ni wa moyo wa mgeni atazamaye nchi kutoka juu, ndani ya eropleni. Ni kweli ya mgeni, wala si uongo. Lakini mtu aliye chini, akitembea kwa miguu, hatamsikia humo.

Katika Out of Africa mtu huyo alikuwako. Kijana mmoja aliigiza mtumishi wa mwindaji, jina lake likaandikwa Job Seda. Ndiye Bwana Ayub Ogada, Mjaluo, mpigaji wa nyatiti, kinanda kile cha nyuzi 8 cha ziwa letu hili, ambacho ndugu zetu wa Mara wanakijua. Mwaka 1985 alionekana, nyatiti yake haikusikiwa. Ilipita miaka 20, na katika picha ya The Constant Gardener ya mwaka 2005 dunia ikausikia wimbo wake Kothbiro, maana yake "mvua inakuja". Picha ile ilikuwa na mtungaji wake, Bwana Alberto Iglesias wa Hispania. Lakini watu walipotoka, wengi waliuliza habari za nyuzi zile za ziwani. Bwana Ogada alifariki mwaka 2019. Jina lake halikufariki, kwa sababu liliandikwa.

Hapo, ndugu makarani, ndipo kazi yetu inapoingia. Sisi twajua vema ya kwamba barua huweza kuandikwa na mmoja ikatiwa sahihi na mwingine, na kwamba baada ya miaka hukumbukwa yule mwenye sahihi. Hatujui hata jina moja la fundi aliyetengeneza vibuyu vile vya Bwana Hawks. Huenda alilipwa, huenda hakulipwa, hakuna karatasi. Leo tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini sheria haimwoni mtu asiyeandikwa.

Kwa hiyo twaleta shauri. Wakija wapiga picha katika wilaya zetu, na karatasi zao zikapita mezani petu, tuwaulize kwa adabu: nani atapiga ngoma, na jina lake limeandikwa wapi? Na wakati hawajaja, kila mwanachama amwendee mzee mmoja wa kijiji chake apigaye zeze, ngoma au nyatiti, aandike jina lake, jina la wimbo, na kazi inayofanywa wimbo unapopigwa. Karatasi moja kwa mzee mmoja yatosha. Mtungaji wa ng'ambo akiisoma, ataweza kutunga vizuri zaidi. Na asipoisoma, sisi tutakuwa nayo.