Ramani ya Majivu: Hotuba ya Mgeni Rasmi katika Uzinduzi wa Mpango wa Matumizi ya Ardhi ya Kijiji

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mtendaji, wajumbe wa Kamati ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi, wazee wetu, akina mama, wakulima na wafugaji,

Mara ya kwanza nilipofika hapa, ramani hii ilikuwa haijawa karatasi. Mliichora chini ya mwembe huu: majivu yakawa mto, punje za mahindi zikawa mashamba, majani mabichi yakawa malisho. Njia ya ng'ombe ilikuwa imepita kando ya kisima. Bibi mmoja akainama, akazoa majivu kwa kiganja, akaihamishia njia ng'ambo ya korongo. "Hapa ndipo tunapochota," akasema. Vijana wa kifugaji wakakubali, ila wakaomba ipanuliwe, maana kundi likibanwa huingia shambani. Mtaalamu alikuwa na picha za setilaiti mkononi, na hakuna hata moja iliyomwonyesha nani anachota wapi.

Huko ndiko kushirikishwa. Kuwaita watu ramani ikiwa imeshakamilika, wasaini karatasi ya mahudhurio na wanywe soda, ni kuwapa taarifa tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi kabla Mkutano Mkuu wa Kijiji haujaridhia. Mamlaka hayo ni yenu. Msiwaachie watu watatu ofisini.

Sisi wa Morogoro tunajua kilio cha ardhi. Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni, Kilosa, zaidi ya watu 30 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Nikisikia mtu analalamika kwamba mikutano ya wananchi inachelewesha kazi, nawakumbuka wale.

Ndugu zangu wataalamu, nina ombi. Mkutano ukiitwa saa nne asubuhi msimu wa palizi, akina mama wako shambani na vijana wako machungani. Uitisheni jioni, hata kama mtalazimika kulala hapa. Na ramani ibandikwe ukutani, ofisi ya kijiji, kwa Kiswahili, isifungiwe kabatini wilayani.

Ndugu Mwenyekiti, kabla sijatamka kwamba mpango umezinduliwa, naomba ramani ipelekwe kwanza kule walikokaa akina mama. Waitafute njia ya ng'ombe. Wakiikuta pale walipoiweka, tutaendelea.