Bei ya Kijana: Drafti ya Besiboli ya Marekani na Hadithi ya Usawa



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Katika kongamano moja la uchumi wa michezo, mwenzangu ninayemheshimu alisimama akasema ligi yetu ya soka imekuwa mali ya Simba na Yanga, na kwamba dawa inajulikana. Tuige drafti ya besiboli ya Marekani: timu iliyoburuza mkia ipewe zamu ya kwanza kuchagua vijana wapya, na baada ya muda ushindani utarudi. Ukumbi ukapiga makofi. Niliponyoosha mkono kujibu, mwenyekiti akasema muda umekwisha. Leo muda ni wangu.

Kanuni zenyewe nitazipitia mbiombio, kwa kuwa wenzangu wa idara wanazijua. Kila mwaka klabu 30 za Major League Baseball huchagua kwa zamu vijana waliomaliza sekondari au waliokwisha kukaa chuoni miaka mitatu. Siku hizi raundi ni 20. Zamani zilizidi 40. Kijana akishachaguliwa na klabu fulani, anazungumza na klabu hiyo peke yake. Akilikataa dau lake, atasubiri drafti nyingine. Kubisha hodi kwa klabu ya jirani hakuruhusiwi. Zamu hufuata msimamo wa ligi uliopinduliwa juu chini, ingawa tangu drafti ya 2023 nafasi sita za mwanzo hupangwa kwa bahati nasibu. Hayo yanatosha.

Sasa tuulize drafti ilianzishwa kwa nini. Mwaka 1964 haikuwapo. Kijana mwenye kipaji aliweza kusikiliza dau la kila klabu, na mwaka huo Rick Reichardt, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alisikiliza madau mengi kisha akasaini na Los Angeles Angels kwa dola 205,000. Juni 1965 drafti ya kwanza ikafanyika New York. Aliyechaguliwa wa kwanza, Rick Monday wa Arizona State, akaenda Kansas City Athletics kwa dola zipatazo 100,000. Yaani kijana aliyehesabiwa bora kuliko wote nchini alilipwa kama nusu ya alichopata mwenzake mwaka mmoja tu kabla. Usawa wa timu hautazamiki kwa mwaka mmoja. Kushuka kwa dau kulionekana siku ileile.

Wala halikuwa jaribio la kwanza. Tangu 1947 wamiliki walikuwa na kanuni, iliyofutwa na kurudishwa kwa sura mbalimbali, iliyosema kijana akilipwa zaidi ya dola 4,000 lazima abaki katika kikosi cha wakubwa badala ya kupelekwa ligi za chini kujifunza. Ndiyo maana Sandy Koufax, aliyekuja kuwa mmoja wa warushaji wakubwa wa karne, alianza mwaka 1955 kwa kukaa benchi la Brooklyn Dodgers. Kanuni hiyo haikuijali timu dhaifu hata kidogo. Ilimwadhibu anayelipa vizuri.

Watetezi wa drafti hukimbilia kwa New York Yankees. Kati ya 1949 na 1964, katika misimu 16, Yankees walitwaa ubingwa wa American League, mojawapo ya ligi mbili za Major League, mara 14. Drafti ikaja 1965, na mwaka 1966 Yankees wakamaliza wa mwisho, wa kumi kati ya timu kumi. Dawa imefanya kazi! Lakini tazameni tarehe. Waliochaguliwa Juni 1965 wengi walikuwa vijana wa miaka 18 hadi 21, na karibu wote mwaka 1966 walikuwa bado wakitaabika kwenye mabasi ya ligi za chini. Yankees waliangushwa na magoti ya Mickey Mantle, mkono wa Whitey Ford na ghala la vijana lililokauka. Kuipa drafti sifa ya anguko hilo ni kumshukuru mkunga aliyefika mtoto ameshaanza kutembea.

Hapa naomba mnivumilie, maana nimefika kwa makala ninayoipenda kuliko zote katika taaluma yetu. Mwaka 1956, miaka tisa kabla ya drafti, Simon Rottenberg alichapisha katika Journal of Political Economy makala yenye jina la kawaida kabisa, "The Baseball Players' Labor Market". Nakala yangu imechakaa. Mwanafunzi mmoja aliiazima akairudisha na doa la chai, nami nikamsamehe kwa kuwa alikuwa ameisoma. Wakati ule mchezaji alifungwa na klabu yake takriban maisha yake yote ya uchezaji, na wamiliki waliliambia Bunge la Marekani kwamba bila kifungo hicho klabu tajiri zingewanyakua wote. Rottenberg akauliza swali ambalo hakuna aliyelitaka: mwisho wa yote, mchezaji huyu atachezea wapi?

Nitumie tarakimu zangu. Kama mchezaji analetea klabu ya mji mdogo mapato ya 50, na klabu ya jiji angeiletea 80, ile ndogo itamuuza kwa ile kubwa na kutia bei mfukoni. Akiwa huru, atakwenda jijini mwenyewe na bei ataitia mfukoni mwake. Katika hali zote mbili atacheza jijini. Kilichobadilika ni mfuko. Ronald Coase, ambaye wanafunzi wetu wote wanamkariri, alikuja na hoja kama hiyo katika makala yake maarufu miaka minne baadaye. Na kama mnataka ushahidi, kati ya 1920 na 1951, kifungo kikiwa kimekaza barabara, Yankees walichukua ubingwa wa American League mara 18 katika misimu 32.

Rottenberg hakuishia hapo. Aliona kwamba klabu ikikusanya nyota wote itajimaliza yenyewe, kwa sababu mchezo ambao matokeo yake yanajulikana hauuzi tiketi. Hata bila kanuni, tamaa ya tajiri ina kikomo. Sijui mwanauchumi mwingine aliyesema mengi kiasi hicho kwa hesabu chache namna ile.

Mpinzani makini atanijibu kwamba zamu za drafti, isipokuwa chache, haziuzwi, na kwamba mwaka 1976 kamishna Bowie Kuhn aliizuia Oakland kuuza wachezaji wake nyota kwa fedha taslimu. Kwa hiyo hoja ya Rottenberg ina nyufa. Nakubali. Nakubali pia kwamba drafti iliisaidia Athletics, waliohamia Oakland mwaka 1968. Mwaka 1966 New York Mets walikuwa wa kwanza wakamchukua Steve Chilcott, mdakaji ambaye hakucheza ligi kuu hata mechi moja. Athletics, wa pili, wakamchukua Reggie Jackson, na Oakland ikatwaa ubingwa 1972, 1973 na 1974. Lakini fuateni safari ya Jackson. Milango ya uhuru wa wachezaji ilipofunguka, msimu wa 1977 alikuwa wapi? New York, kwa Yankees, akichukua ubingwa. Alifika jijini kama Rottenberg alivyotabiri. Drafti ilichelewesha malipo yake tu.

Na Houston Astros je? Walipoteza zaidi ya mechi 100 kila msimu kuanzia 2011 hadi 2013, wakachagua wa kwanza mara tatu mfululizo. Mmoja, Carlos Correa, akawa nyota. Wa pili, Mark Appel, alifika ligi kuu mwaka 2022 akiwa na klabu nyingine. Wa tatu hakusaini nao kabisa. Walipochukua ubingwa 2017, mchezaji bora wa American League alikuwa wao, José Altuve wa Venezuela, ambaye hakupitia drafti hata kidogo, kwa sababu drafti inawahusu wakazi wa Marekani, Kanada na Puerto Rico. Wanaotoka kwingineko husainiwa moja kwa moja na klabu, kama alivyosainiwa Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kuzaliwa barani hapa na kucheza ligi hiyo, mwaka 2017.

Siku moja mwanafunzi aliniuliza kama mimi mwenyewe sikupitia drafti. Alikuwa na haki. Nilipomaliza ualimu jina langu lilibandikwa ukutani, na kituo nilichopangiwa kilikuwa shule ya sekondari mkoani Rukwa, nisikojua mtu. Mzee wangu akasema, "Serikali imekusomesha, nenda." Nilikwenda, na maziwa ya kule bado nayakumbuka. Lakini nilipelekwa penye upungufu wa walimu, kwa mshahara wa daraja lilelile la aliyebaki Dar es Salaam, na hakuna aliyetia mfukoni tofauti ya thamani yangu. Katika besiboli mfuko huo una mwenyewe.

Na umeshonwa imara. Mwaka 2009 mteule wa drafti Stephen Strasburg alipata mkataba wa jumla ya dola milioni 15.1. Makubaliano yaliyoanza 2012 yakapiga marufuku mikataba ya ligi kuu kwa wateule wa drafti, na kuiwekea kila klabu kikomo cha matumizi. Ikizidisha kwa zaidi ya asilimia 5, hupoteza zamu yake ya raundi ya kwanza. Mwaka 2023 Pittsburgh Pirates walimsaini Paul Skenes, wa kwanza kabisa, kwa dola milioni 9.2, chini ya kiwango kilichotengewa nafasi yake. Nani alitia saini makubaliano hayo? Wamiliki na chama cha wachezaji, yaani watu ambao tayari wamo ndani. Kijana wa sekondari hakuwa na kiti mezani. Bunge la Marekani lenyewe, lilipopitisha Sheria ya Curt Flood mwaka 1998 na kuwapa wachezaji wa ligi kuu kinga dhidi ya ukiritimba, liliiacha drafti nje kwa makusudi.

Mimi naamini kijana achague mwajiri wake, na usawa wa timu utafutwe katika mgawanyo wa mapato ya televisheni. Rottenberg aliikataa dawa hiyo ya mgawanyo, akihofu klabu zitakosa hamu ya kushinda. Hapo namkatalia kipenzi changu, na nitaendelea kumkatalia.

Mwenzangu wa kongamano yumo ukumbini, nimemwona akiandika. Namwomba jambo moja. Siku atakapolipeleka pendekezo lake kwa viongozi wa soka, aambatishe hesabu ya dau ambalo kila kijana atapoteza na jina la atakayelipokea. Hesabu hiyo isipokuwapo, mimi ni miongoni mwa wapingao.