Mwenye Nchi ni Nani?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa reli, Kitale



Leo hatukusimama kusema habari za mishahara. Tunataka kusema juu ya neno ambalo limeanza kutugawanya kazini, yaani nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Mmelisikia katika nyumba zetu za reli. Mmoja husema, "Nchi hii ni ya babu zetu." Mwingine hujibu, "Nami nimenunua kwa fedha yangu." Kesho yake hawasalimiani, na kazi yao ni kuinua chuma kimoja!

Kwanza tujue mambo yalivyoanza. Reli ilifika Kitale mwaka 1926, nayo ilifuata mahindi ya masetla. Masetla walikuwa na nguvu ya sheria. Sheria ya ardhi ya mwaka 1915 ilisema kwamba hata ardhi wanayokaa Waafrika ni mali ya Mfalme wa Uingereza. Wakony, waliokuwa wakichunga ng'ombe zao Trans Nzoia, wakasukumwa kuelekea Mlima Elgon. Tume ya Carter iliyoundwa mwaka 1932 ilisikiliza madai yao, lakini mashamba yakabaki kwa masetla. Sisi tuliosoma shule za misheni tunakumbuka habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme naye alilipata kwa njia iliyoonekana kuwa ya sheria.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, wengi wa hao waliosukumwa hawakurudishiwa. Mwaka 1971 Waogiek wa Chepkitale, walioishi juu mlimani kwa nyuki na mifugo, waliteremshwa Chebyuk. Mwaka 2000 Chepkitale ikafanywa hifadhi ya wanyama. Huko Chebyuk nako ugavi wa mashamba ulileta ugomvi, na kati ya mwaka 2006 na 2008 watu zaidi ya 600 waliuawa. Jeshi lilipopelekwa Machi 2008, raia wengi walilia mateso tena. Maskini aliwakimbia wenye bunduki wa msituni, kisha akawakimbia wenye bunduki wa serikali.

Ndugu, labda mtasema kwamba kama wenyeji wangeachiwa ardhi yao tangu mwanzo, taabu isingekuwako. Basi tutazame visiwa vya Fiji, mbali katika Bahari ya Pasifiki. Waingereza walivitwaa mwaka 1874, lakini Gavana Gordon alizuia ardhi ya wenyeji isiuzwe. Tangu mwaka 1879 wafanya kazi wakaletwa kutoka India kulima miwa. Mpaka leo wenyeji wa Fiji wanamiliki ardhi zaidi ya 80 katika kila sehemu 100. Je, wote ni matajiri? Hapana. Kwa miaka mingi sehemu ya kodi ya ardhi iliingia kwa machifu, na biashara ilikuwa mikononi mwa watu wengine. Mwenyeji wa kawaida alikuwa na ardhi kwa jina, na mfuko mtupu.

Mwaka 1985 vyama vya wafanyakazi vya huko viliunda Chama cha Labour, chini ya Daktari Timoci Bavadra, naye alikuwa mwenyeji halisi. Wenyeji na wenye asili ya India waliketi pamoja, na mwezi wa Aprili 1987 wakashinda uchaguzi. Tarehe 14 Mei jeshi likawapindua, likisema linatetea haki za wenyeji. Haki ya mwenyeji ikafanywa fimbo ya kuvunja umoja wa wafanyakazi.

Tusidanganyike kwa upande wo wote. Haki ya mwenyeji ni haki ya kweli, wala si uchochezi. Katiba yetu ya mwaka 2010 inaitambua ardhi ya mababu kuwa ardhi ya jamii. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliwapa Waogiek wa Chepkitale haki juu ya ardhi yao iliyogeuzwa kuwa hifadhi. Walisimama mbele ya hakimu, nao wakasikilizwa. Njia hiyo haikumwaga damu ya mtu.

Na sisi je? Tusifiche kosa letu. Wengi wetu tunatafuta kipande cha shamba cha kustaafia, na tukiambiwa bei ni rahisi, hatuulizi kwa nini ni rahisi. Kwa hiyo tunaomba tawi likubali mambo matatu. Mwanachama asinunue shamba lenye kesi. Mwanachama asikubali kukodiwa kumfukuza mtu nyumbani kwake, awe mwenyeji au mgeni. Na neno "Ndorobo" lisitumiwe tena kazini kumtukana mwenzetu.

Wazee walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo mwenyeji ahame. Tuliokuja kwa kazi ya reli tuwe wageni wa kuponya, na wenyeji watuhesabu kuwa ndugu. Tukigawanyika, atakayefurahi ni yule asiyependa kutulipa.