Msiweke Sahihi Kabla ya Kuelewa

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya parokia)



Leo hatutazungumza juu ya kuku wala tanki za maji. Tutazungumza juu ya karatasi. Vikundi vyetu vingi sasa vinauzia serikali, yaani shule za umma, hospitali na kaunti. Mahindi tunayo, sare tunashona, lakini tunaumizwa na maneno ya karatasi tusiyoyaelewa.

Hebu tuwaambie yaliyotupata. Kikundi kimoja cha akina mama tunachokitembelea kilipata tenda ya kupelekea shule magunia 60 ya mahindi kwa mwaka, 20 kila muhula. Waliandika bei ya shilingi 3,600 kwa gunia. Muhula wa kwanza walinunua gunia kwa 2,800, usafiri na gunia tupu ikawa 250, wakabaki na 550. Kwa magunia 20 walipata faida ya shilingi 11,000. Walifurahi, hata sadaka ya shukrani walitoa. Muhula wa pili mahindi yakapanda. Gunia likawa 4,000, na usafiri ni ule ule. Kila gunia wakapoteza 650, jumla shilingi 13,000. Faida yote ikaenda, na 2,000 nyingine juu yake. Walipoomba kuongezewa bei, waliambiwa wasome mkataba wao. Na sisi tuliowasaidia kujaza ile fomu hatukuwa tumeusoma vizuri. Hilo tunalikiri mbele yenu.

Ndiyo sababu tuliketi tukaisoma Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015. Tuliyoyapata ni haya.

Kwanza, nafasi yetu. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa serikali itengewe vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Mpango wenyewe huitwa AGPO, ulianzishwa mwaka 2013. Kikundi kinaweza kuandikishwa ikiwa angalau asilimia 70 ya wanachama ni wa makundi hayo, na viongozi wote ni wa makundi hayo. Kijana ni mwenye miaka 18 hadi 35. Cheti hakilipiwi hata senti moja. Mtu akikuambia "leta kitu kidogo nikuharakishie," huyo anakula jasho lako.

Pili, dhamana ya zabuni. Hii ni ahadi ya benki kwamba hutakimbia ukishinda. Kwa wafanyabiashara wengine inaweza kufika asilimia 2 ya thamani ya zabuni. Wengi wetu tukiona neno hilo tunarudisha fomu kwa woga. Lakini kifungu cha 61 kinasema biashara ndogo na zile za wanawake, vijana na walemavu zinazoingia kwa nafasi zilizotengwa hazidaiwi dhamana hiyo. Zinajaza fomu ya tamko tu. Msiende kukopa pesa za dhamana ambayo hamdaiwi. Lakini tamko nalo si mchezo: mkishinda halafu mkatae kazi, mnaweza kuzuiwa kuomba tena.

Tatu, bei. Jumla mliyoiandika, ikasomwa siku ya kufungua zabuni, ndiyo ya mwisho. Hesabu ikikosewa, hakuna kurekebisha. Basi katibu apige hesabu, mtunza hazina apige tena, na mwanachama wa tatu aihakikishe. Na siku ya kufungua nendeni mkasikie. Ni haki yenu kuwapo.

Nne, mabadiliko ya bei. Hapa ndipo wale akina mama walipojikwaa. Kifungu cha 139 kinasema bei ya mkataba haipandishwi kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya kuweka sahihi. Kwa hivyo msiandike bei ya mahindi ya wakati wa mavuno. Ulizeni: wakati wa njaa gunia huwa ngapi? Pigeni hesabu kwa bei hiyo, au nunueni mapema mkahifadhi mahali pakavu. Mkiona hesabu haiingii, iacheni tenda ipite. Yesu mwenyewe, katika Luka 14:28, anatukumbusha mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza akahesabu gharama.

Tano, barua na mkataba. Barua ya kusema mmeshinda bado si mkataba. Kwa sheria, mkataba wa zabuni haupo mpaka pande zote mbili ziweke sahihi. Na kwa ununuzi mdogo wa kotesheni, karatasi ya kungojea ni ile oda tunayoiita LPO. Mtu akipiga simu, "leteni haraka, LPO itakuja nyuma," mwambieni kwa heshima kwamba mtapakia ikifika. Wako watu waliopeleka mali kwa neno la mdomo, afisa akahamishwa, na aliyeingia akasema hawajui. Utamshtaki nani?

Sita, kupokelewa kwa mali. Kushusha magunia getini hakutoshi. Kuna kamati ya ukaguzi na upokeaji, nayo huangalia kiasi na ubora kama mlivyoandikiana. Mahindi yakiwa na unyevu yanarudi kwa gharama yenu. Kamati ikikubali, hakikisheni karatasi ya dilivari imewekwa sahihi, jina na tarehe. Nakala moja ibaki kwenye faili ya kikundi, si mfukoni mwa mwenyekiti.

Saba, malipo. Pelekeni invoisi mara tu mali ikipokelewa, na mgongewe muhuri kwamba imefika. Tangu hapo ndipo kungoja kunaanza, na tusidanganyane, kungoja kunaweza kuwa kurefu. Kifungu cha 140 kinatambua riba kwa malipo yaliyochelewa, na pia fidia kutoka kwenu mkichelewesha kazi. Lakini riba hailipi karo mwezi huu. Kabla ya kuomba tenda, jiulizeni: tukikaa miezi sita bila kulipwa, kikundi kitasimama? Msiingize pesa zote za merry-go-round, wala msimwache mama mmoja aweke ng'ombe wake rehani kwa ajili ya wote.

Nane, mkiona mmeonewa. Mwombaji wa tenda asiyeridhika anaweza kupeleka malalamiko kwa Bodi ya Rufaa ya Ununuzi wa Umma katika siku 14 tangu kupata taarifa. Kuna ada, kwa hivyo shaurianeni kwanza. Siku 14 ni kidogo. Barua ikija Ijumaa, kutaneni Jumapili baada ya Misa.

Wale akina mama wako wapi leo? Muhula wa tatu walipeleka mahindi, ingawa iliwauma, maana neno walikuwa wamelitoa. Mwaka uliofuata waliomba tena, wakaandika bei ya wakati wa njaa, na walinunua magunia yote mavuno yalipokuwa mengi. Kila karatasi sasa husomwa kwa sauti mkutanoni, kwa Kiswahili na kwa lugha ya nyumbani, hata bibi asiyejua kusoma aelewe pesa yake inakwenda wapi. Hawaweki sahihi mpaka yeye aseme, "Nimeelewa."

Mkirudi nyumbani, jadilini haya katika vikundi vyenu:

1. Karatasi zetu ziko wapi, na ni nani anayezitunza?
2. Bidhaa yetu ikipanda bei katikati ya mwaka, tutafanya nini?
3. Ni nani kati yetu hajaelewa, na anaogopa kuuliza?

Hilo la tatu ndilo kubwa.